Atakayetangulia Kushuka Kwale

Jumatano, baada ya Alasiri. Manyunyu hayajakatika tangu asubuhi, na Mji wa Kale umetulia kuliko kawaida yake.

Niwieni radhi, ninyi wachache mnaoufungua ukurasa huu. Nimekaa kimya kwa muda mrefu. Sikuugua, wala sikusafiri. Kila nilipoketi kuandika, jambo lililokuwa moyoni lilikuwa la mtu mwingine, nami nilifunzwa kwamba la mtu haliandikwi bila idhini yake.

Leo ninaandika bila idhini. Jina la mwenyewe nimelibadilisha, nitamwita Mutua. Najua kwamba hatasoma hata neno moja kati ya haya, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Zamani alikuwa msomaji wangu wa kwanza. Nikichapisha kabla ya chakula cha mchana, simu ililia kabla sijanawa mikono. "Mwalimu, leo umechapisha ukiwa na njaa. Mwisho umeukimbia." Mimi niliyewasahihisha watoto wa watu maisha yangu yote nilikuwa nikisahihishwa na dereva wa treni mstaafu wa Buxton, na nilifurahi. Kisha simu zikakoma. Nilijiambia kwamba amenichoka.

Sivyo ilivyokuwa.

Tunaendesha baiskeli pamoja kila Jumamosi, kwa kuwa Ijumaa ni yangu na Jumapili ni yake. Tunavuka Likoni kwa feri alfajiri, watu watano au sita, tunafuata barabara ya kusini hadi Kombani, kisha tunakata kulia na kuanza kupanda kwenda Kwale. Huko barabara inapanda kilima, inashuka kidogo, inapanda tena, kati ya minazi na mikorosho na mashamba ya mihogo, na joto la kisiwani linabaki nyuma. Ukifika juu ukageuka, unaiona bahari yote. Miguu hulalamika wakati wa kupanda, lakini kupanda hakujapata kumuumiza mtu.

Kushuka ndiko kunakotaka adabu.

Kwa ajili ya kushuka, Mutua alituletea desturi ya reli. Dereva akiona ishara huitaja kwa sauti, na msaidizi wake huirudia, ili kila mmoja ajue kwamba mwenzake yu macho. Nasi tunafanya vivyo hivyo. Aliye mbele hutangaza, "Shimo kushoto!" Wa pili hurudia, kisha wa tatu, mpaka mwisho wa mstari. Hakuna anayempita aliye mbele, na hakuna anayetangaza asichokisikia kutoka mbele. Mbele ni Mutua, tangu siku ya kwanza. Mimi ni wa pili.

Miezi michache iliyopita niligundua kwamba ananingoja. Shimo lilikuwa pale, wazi, naye kimya. Nikatangaza mimi. Papo hapo akatangaza naye, kwa sauti kubwa kuliko yangu. Walio nyuma walisikia sauti mbili na hawakujua ipi iliyotangulia. Safari iliyofuata ikawa vilevile. Sikumuuliza. Ni mzee mwenzangu, na kila Idi hukaa mezani kwangu, ningeanzia wapi? Nikaendelea kutangaza, nikijiambia kwamba ninamsaidia.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunashuka, na baada ya kona mbuzi mweupe alikuwa amesimama katikati ya lami. Nilikuwa ninafuta matone ya mvua kwenye miwani. Nilipoinua macho, Mutua alikuwa anamwendea moja kwa moja bila kugusa breki.

"Mbuzi!"

Mutua alikwepa kwa kuisikia sauti yangu, naye akalidakia neno papo hapo. Nami nikakwepa. Bi Rehema, muuguzi wa Majengo ambaye hukaa wa tatu, hakupata nafasi. Aliingia kwenye mihogo, baiskeli juu, yeye chini.

Hakuvunjika. Kifundo cha mkono ndicho kilichoteguka. Tulifika Kombani polepole, tukaketi mkahawani, na chai ikaletwa pamoja na mahamri.

"Babu Dereva," Rehema alisema, mkono ukiwa umefungwa kwa mtandio wake, "mbuzi mweupe kama kanzu ya Ijumaa, hukumwona?"

"Nilimwona. Nilidhani ni Feisal ametutangulia."

Feisal mwenye kitambi, anayeuza vinyago mtaani Ndia Kuu na ambaye hufika mlimani wa mwisho siku zote, aliweka hamri yake chini. "Lo! Mwamtukana mbuzi wa watu, yakhe. Yule alikuwa na kiuno."

Wote walicheka, na Mutua alicheka kuliko wote. Huku akicheka, vidole vyake vilikuwa vinaitafuta sukari juu ya meza. Kopo lilikuwa mbele yake. Nililisukuma mpaka likagusa mkono wake.

Akaacha kucheka.

Kwenye feri tulisimama kando, baiskeli zikiwa kati yetu.

"Umejua tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu ulipoacha kunikosoa. Lakini leo ndipo nimekubali kwamba ninajua."

"Daktari anasema katikati ya jicho ndiko kulikoharibika. Pembeni pamesalimika. Minazi naiona, Mwalimu. Barabara ndiyo siioni."

"Nawe unatangulia?"

"Njia naijua kwa moyo."

"Na mbuzi? Naye unamjua kwa moyo?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniambia kwamba kule relini walikuwa wakipimwa macho, na dereva aliyeshindwa alipelekwa ofisini kupiga mihuri. Aliwaona wenzake wakiletewa chai pale, wakiisikiliza treni ikiondoka, wakiinua vichwa wote kwa pamoja.

"Usinipeleke kwenye mihuri," alisema.

Kisha akaniomba. Jumamosi hii amewaalika vijana wa chuo kilicho jirani na kwake. Hawajapata kuipanda njia ya Kwale, wala hawajapata kuishuka. Amewaahidi kwamba atawaongoza yeye mwenyewe.

"Wewe tangaza, mimi nitadakia. Si ndivyo tumekuwa tukifanya? Mara hii tu. Nani atajua?"

Feri ilifika, watu wakaanza kutusukuma, na Mutua akashika kiti cha baiskeli yangu ili tusipotezane. Hakuwa amepata kufanya hivyo tangu nimjue. Tulipanda mwinuko wa kivukoni hivyo, mimi mbele yeye nyuma, na hakuna aliyetutazama mara mbili.

Nimeibeba siri hii siku zote hizi nikitumaini kwamba jibu litakuja lenyewe. Leo asubuhi aliyekuja ni Rehema. Alipiga hodi, akaketi barazani, akakataa kahawa.

"Mwalimu, nakuuliza neno moja tu. Siku ile ya mbuzi, nani alisema kwanza? Wewe au Babu Dereva?"

"Tulisema pamoja."

Muuguzi amezoea watu wanaomwambia kwamba dawa wamemeza.

"Haya. Wewe ndiwe mkubwa. Ukisema pamoja, ni pamoja." Akainuka. "Daktari akinifungua bandeji, Jumamosi nitakuja. Nitakaa papo hapo nyuma yako."

"Pumzika wiki hii, mwanangu."

"Nipumzike kwa nini, ikiwa nyote wawili mlimwona?"

Tangu alipoondoka sijatulia. Amenipa nafasi ya kusema kweli, nami nimemrudishia uongo, naye ameupokea kwa heshima ya mvi zangu. Sasa ataupanda nao mlima, na atashuka nao.

Kati ya jicho langu na breki ya Mutua kuna nafasi. Ni ndogo. Rehema aliangukia humo.

Jumamosi watakuwamo watoto wa watu wasioijua njia, wenye baiskeli za kuazima na breki nisizozijaribu. Kila mmoja ataiamini sauti ya aliye mbele yake, kwa sababu ndivyo tutakavyomfundisha. Nikisema hivyo, nadhani jibu lipo wazi. Kisha namkumbuka akikishika kiti cha baiskeli yangu, na uwazi wote unanitoka.

Nimefikiria tubadilishane. Nikae mbele mimi, yeye awe wa pili, asikie na kurudia. Bado angeipata hewa ya Kwale usoni, bado angeiona minazi yake. Lakini namjua. Ataniuliza kama hiyo nayo si ofisi ya mihuri, ila yenye magurudumu. Tena hata wa pili hushuka kwa kasi. Na mimi sina hakika kama ninamtafutia yeye njia ya heshima, au ninajitafutia mwenyewe njia ya kutomwambia la.

Sasa hivi ameniletea ujumbe wa sauti. Siku hizi haandiki. "Mwalimu, mnyororo nimeutia mafuta. Vijana wote wamethibitisha. Tukutane kivukoni baada ya swala yako." Sauti yake ina furaha. Nimeusikiliza mara mbili na simu nimeifunika kifudifudi.

Jibu la namna hii halitumwi kwa simu. Kesho nitakwenda Buxton kwa miguu, na mpaka nifike mlangoni kwake lazima niwe nimejua ninachokwenda kusema. Baada ya hapo nitakwenda Majengo kwa Rehema, kwa sababu naye ana haki ya kusikia nani alisema kwanza.

Sitaongeza neno hapa mpaka hayo yawe yamekwisha. Yakiisha, nitaandika ni nani aliyetangulia kushuka Kwale, au kama tulishuka kabisa. Maandishi hayo sitayachapisha kama nilivyoyachapisha haya. Kwanza nitaketi na Mutua, nimsomee kwa sauti, mstari kwa mstari, na nimngoje arudie.