Jina Alilolitaja Mayasa

Turffontein, Johannesburg

Kwako mdogo wangu Sumaiya,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima. Kama goti bado linakusumbua, pole. Ulimi nasikia hauumwi. Sisi huku wazima, cherehani inazunguka, wateja wa Jeppestown wananigombania, alhamdulillahi. Nimetumia karatasi kwa sababu namba yako nimeifungia, na sababu waijua.

Wewe ndiye uliyesema kwenye simu, ukoo mzima wa Tanga unasikia, kwamba mwanangu Mayasa amekosa la kuimba mpaka anawaimbia Wazungu nyimbo za marehemu wao. Haya, sikia. Albamu imetoka. Ni nyimbo za kale za Kiingereza, za mabaharia na wasichana walioachwa na wachumba, zimeimbwa kumuenzi Bi Winifred, yule bibi wa Kiingereza aliyekuwa akifundisha kuimba hapa mtaani, aliyefariki mwaka jana. Waimbaji wamejaa, wa kwetu ni mmoja tu, na wimbo wake ndio unaofungua albamu! Redioni wameupiga. Alexis, kinyozi wetu Mkongomani, alizima mashine katikati ya kichwa cha mtu ili asikilize. Wanao wewe redio wanaiwasha tu.

Siku ya uzinduzi nilishona gauni jipya, nikakaa mbele. Nyimbo zile, alivyozifundisha Bi Winifred, hazina ngoma wala kinanda, ni sauti tupu. Na kabla hujaimba lazima useme nani alikufundisha kuimba. Wenzake wote wakamtaja huyo bibi. Mimi nikajua wangu atanitaja mama yake. Nikaanza kujitengeneza mtandio.

Akakutaja wewe. Kwa Kiingereza chake cha huku, maana Kiswahili anakisikia lakini kukisema shida, akawaambia watu kwamba utotoni alikuwa akija likizo Tanga kwa mama mdogo, na mama mdogo akimsuka huku anamwimbia, akitikisika anapigwa kitana, ndivyo alivyojifunza kutulia ndani ya wimbo. Ukumbi ukalipuka makofi. Nimemzaa mimi, nimemsomesha kwa sindano, na makofi ukapigiwa wewe unayemtukana!

Eish, Sumaiya, nilichukia. Mama mmoja akaniuliza huyo mama mdogo yuko wapi, wangependa kumwona. Nikamjibu umefariki.

Ndiyo, nimekuua. Kabla sijafika mlangoni watu wananikumbatia, wananipa pole, mmoja analia kabisa, na Mayasa akasikia. Alininunia wiki nzima. Alipofungua mdomo, ilikuwa kuniambia kwamba kwenye onyesho la albamu, Desemba, haimbi mpaka uje usimame naye jukwaani. Nimembembeleza, nimemfokea, hasikii. Watu wa albamu wanasema asipoimba watamtafuta mwingine.

Radhi sikuombi, maana maneno yako ndiyo yaliyotangulia. Ila njoo. Nitakupokea mwenyewe, nitakupitisha kwa kila niliyemwambia umekufa, na aibu yangu nitaibeba. Lakini ukithubutu kuzikosoa nyimbo za mwanangu mbele yangu, safari hii nitakuzika kweli.

Wasalimie wote hapo nyumbani, hata wale waliocheka.

Ni mimi dada yako,
Mwanaharusi, mama yake Mayasa