Kokwa Saba za Da Salma

Salma dada yangu,

We mkaidi, na kufa hakujakupunguzia kitu. Mtu na akili zake anaondoka duniani, hajamwambia hata nduguye siku ngapi za Ramadhani bado hajazilipa? Mwenyezi Mungu akurehemu, lakini umenikera, na ntakugombeza hukohuko uliko maana huku hukunipa nafasi.

Nakuandikia kwa herufi zetu za chuo cha Kurani, zilezile ulizokataa kujifunza. Mimi nlifika juzuu ya tano, wewe ulitoroka siku ya tatu. Miaka yote nlikuwa nnajivunia hilo. Sasa nisikilize.

Siku ya khitma yako nyumba hii ya mtaa wa Hail ilijaa wanawake mpaka uani. Nkauona ule ubao wako juu ya friji, vumbi tele, kokwa za tende zimekaa ndani ya mifereji yake miwili. Nkasema toba, watu watatuona tunaishi na uchafu. Kokwa nkazimimina kwenye kikombe cha kahawa, ubao nkaupangusa kwa khanga. Ndipo Neema, yule binti wa Tanga anayetufanyia kazi, akaja mbio: "Bibi, hizo ni siku za mama mkubwa za kufunga!" Nkamwambia, mbona hukusema mapema? Akasema, "Nilisema, Bibi. Ulikuwa unanigombeza kuhusu vikombe."

Nkazihesabu. Saba. Nkashukuru: siku saba tu, dada yangu kaacha mzigo mwepesi, ntamfungia mimi. Na nlikufungia, Salma. Jumatatu na Alhamisi kama desturi yako, na sukari hii nliyonayo. Daktari wa kliniki ya Khuwair alinifokea kama mtoto, nami nkamfokea. Siku ya saba nlipofuturu nkajiona nimekuwa mtu. Nlikwishaanza kukuandikia barua nyingine, ya majivuno. Nimeichana.

Maana wiki hiyohiyo mjukuu wangu Rahma karudi kutoka skuli na kidude cha shanga kwenye nyaya, wanakiita abakasi, wanafundishwa kuhesabia. Akaanza kunisomesha mezani: shanga ya waya huu ni moja, na shanga ileile ikikaa waya wa pili ni kumi. Mwalimu wao kawaambia kitu hicho hakikuanza na shanga. Zamani mno, pengine huko Babeli, hakuna mwenye hakika, watu walitandaza vumbi juu ya ubao, wakachora mistari, wakapanga vijiwe. Baadaye ndio wakachonga mifereji ili vijiwe visikimbie. Nyaya na shanga zimekuja nyuma kabisa.

Kijiko cha halwa kikanisimama mkononi.

Nkakuona, Salma. Mwaka ule ulipopata nafuu ya yale maradhi yaliyokuzuia kufunga, umepiga magoti mbele ya sinia la unga, umechora mistari miwili kwa kidole, unapanga kokwa. Nami juu ya kichwa chako: unga wa mkate huo, mwehu we! Mumeo Nasser, Mungu amrehemu naye, ndiye aliyekuhurumia, akakuchongea mifereji kwenye kipande cha mlango wa kabati. Ukanionesha mfereji wa juu, ukanambia, "Hizi ni mama, Zuena. Kila moja ina watoto kumi tumboni. Wa chini wakiisha, namzalisha mama mmoja." Nkakwambia maradhi yamekupanda kichwani. Mimi, msomi wa juzuu tano! Hukunambia tena neno.

Hakuna aliyekufundisha. Hukuijua Babeli, hukumjua mwalimu. Ulikitoa kichwani mwako mwenyewe, na mimi nkacheka.

Nkamweleza Rahma habari ya kokwa. Akanitazama kwa huruma, na sipendi kutazamwa hivyo. "Bibi, zilikaaje? Juu ngapi, chini ngapi?"

Nalikumbuka vumbi. Vumbi nalikumbuka vizuri sana, lilivyonata kwenye khanga. Kokwa sikumbuki. Neema anasema juu zilikuwepo, ngapi hajui. Rahma akaandika: kama juu ilikuwa moja, basi siku ni kumi na sita. Kama mbili, ishirini na tano. Tatu, thalathini na nne. Akaendelea hivyo mpaka sabini. Kokwa zilezile saba! Nimezipanga mezani nkazipangua asubuhi nzima, kama vile zitanambia.

Nimemgombeza kila mtu. Neema kwa kutosema kwa sauti, Rahma kwa kujua. Mwanao Khalfan katoka kwake Qurum na gari lake kubwa kuja kunambia, "Mama mdogo, shika hesabu ya katikati, Mungu anajua." Nkamwambia, Mungu anajua ndiyo, tusiojua ni sisi. Akaondoka. Hakubaki wa kugombezwa.

Ni mimi, dada. Mimi ndiye niliyepangusa. Maandishi yako pekee duniani, nimeyafuta kwa kuogopa macho ya wageni.

Nimemuuliza sheikh. Kasema, "Shika lile linalokutoa shakani." Linalonitoa shakani ni sabini. Nimefunga saba, zimebaki sitini na tatu, na mikono inanitetemeka kabla hata ya adhuhuri. Sitafika, Salma. Wengine nawaambia ntafika, wewe nakwambia kweli. Sijui la kufanya jingine. Ningekuwa najua ningelifanya, unanijua.

Naahidi hili tu: sitakupunguzia hata siku moja ili nafsi yangu ipumzike. Ntafunga mpaka pale mwili utakapogoma. Lala, da Salma. Nisamehe ule unga.

Nawe Rahma, najua unaisoma barua hii, maana huachi kuchungulia. Teremsha ubao wa bibi yako. Kokwa sita mfereji wa juu, tatu mfereji wa chini. Nikishafuturu toa moja, na za chini zikiisha mzalishe mama. Siku nikianguka, mkabidhi Khalfan ubao na kokwa zake kama zilivyokaa, mwambie aendelee hapo. Kila ukitoa kokwa, urudishe juu ya friji, upate vumbi upendavyo. Na asiupanguse mtu.