Ombi la Masako na Sanduku Lililokuwa Karibu na Mlango

Kabondo, Kisangani
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Mama mudogo Agathe,

Mgongo wako unaendeleaje? Na ile baridi ya Lubumbashi uliyotulalamikia, imepungua? Tonton René na Chance ni wazima? Sisi tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Mdogo wangu Jephté ameota tena yale meno mawili ya mbele yaliyong'oka, sasa hafungi mdomo, anataka kila mtu ayaone.

Ningekuandikia kwa simu, lakini simu ni ya Mama, na mambo haya yanamhusu yeye.

Unanijua mimi, wageni wakija naingia chumbani. Basi keti kwanza: jana nilionekana kwenye televisheni.

Chuo kikuu kile kipya cha njia ya Bengamisa, ambako Mama anafanya kazi ya kupokea barua, kimeanzisha televisheni ya masomo kwa watoto wa shule za msingi. Usiwaze jumba kubwa. Ni chumba kilichokuwa stoo ya viti. Kuna kamera moja, taa mbili, na mablanketi yaliyotundikwa ukutani ili sauti isirudi. Kituo kimoja cha mjini kinawapa saa moja kila Jumamosi. Lakini siku ya kwanza nilipoingia humo nilianza kunong'ona kama niko mbele ya altare. Niliona uso wa Madame Pélagie, profesa anayeongoza kazi hiyo, ndani ya kioo kidogo cha kamera, nikawaza: uso huu utaingia Mangobo, utaingia Makiso, utavuka mto hadi Lubunga, kwa dakika ileile, na hautapanda mtumbwi.

Yeye alinisikia wakati wa likizo, pale mezani kwa Mama, nikimsomea Jephté kitabu cha Kifaransa huku nikikigeuza Kiswahili. Akasema, "Sauti yenye natafuta ni hii." Nilitaka kukataa, lakini hata kukataa kunahitaji kufungua mdomo.

Somo la kwanza lilikuwa la mbinzo, wale viwavi tunaokula. Alitaka kuwapiga picha wakiwa bado juu ya miti, kule msitu wa Masako. Wakishashuka, unangoja mwaka mzima. Na pale chuoni kamera haitoki mlangoni bila ordre de mission, ile karatasi ya ruhusa ya safari, yenye saini ya Secrétaire académique, katibu wa chuo, Papa Gédéon. Ilinishangaza sana, Mama mudogo. Karatasi moja inaamsha gari, dereva na kamera. Isipokuwepo, vyote vinalala.

Madame Pélagie aliandika ombi. Mama akaliingiza katika daftari lake, akalipiga muhuri, akanipa nilipeleke kwa Papa Gédéon. Na hapa ndipo dhambi yangu ilipo.

Mule ofisini kuna masanduku mawili ya barua. La kusainiwa liko kwenye meza yake, mbele kabisa. La zile zilizokwisha, za kufungiwa kabatini, liko karibu na mlango. Siku ile wanaume watano walikuwa wameketi wakinitazama. Ningepaswa kupita katikati yao na kusalimia mmoja mmoja. Niliyasoma maandishi ya masanduku vizuri kabisa. Hata hivyo ombi nililiweka katika lile la karibu na mlango, nikakimbia. Nilijiambia mtu atalihamisha.

Wiki tatu zikapita. Madame Pélagie akauliza. Papa Gédéon akasema hajaona kitu. Wakafungua daftari: ombi liliingia, na mtu wa mwisho kulishika ni Mama. Akapewa demande d'explication, yaani ajieleze kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane, la sivyo asimamishwe kazi.

Jioni ile alimwaga mkoba wake wote juu ya kitanda. Aliangalia hata ndani ya Biblia. "Benie, mi niko nazeeka? Barua napotezaka mimi?" Mimi nilikuwa nimeshika taa. Nikamsogezea ili atafute vizuri.

Asubuhi nilimwandikia Papa Gédéon. Kwa Kifaransa, maana kwa Kiswahili ningelia: *J'ai l'honneur*, ile heshima ya kufungulia barua za ofisi, kisha yote, hadi wale wanaume watano. Lakini pale kila barua hupita kwanza kwa anayepokea barua. Anayepokea ni Mama.

Alisoma mstari wa juu. Akasoma mpaka chini. Akaandika jina langu katika daftari, namba 412, akapiga muhuri, akanirudishia barua pamoja na nakala yangu kama mgeni yeyote. "Pita. Papa Gédéon iko ndani."

Papa Gédéon alisoma mara mbili. Akainuka mwenyewe, akachimba katika lile sanduku mpaka akalipata ombi. Akalisaini akiwa wima. "Mutoto, miaka makumi mbili napokeaka explication. Ya leo ndiyo ya kwanza yenye haiko na malaria ndani, haiko na matanga." Ile demande d'explication ya Mama akaichana.

Kesho yake tulifika Masako. Miti mingi haikuwa tena na mbinzo. Dereva akaanza kunung'unika, "Bon, tulikuja kupiga photo ya majani?" Kisha tukauona mmoja, shina lote linatembea, Mama mudogo, wakishuka kwa maelfu, na ukinyamaza unasikia kinyesi chao kikianguka kama mvua ndogo. Madame Pélagie alinishika mkono. Nilisahau kamera, nikasema tu nilichokiona.

Jana jirani yetu Mama Aziza, yule wa Kindu ambaye hajawahi kuketi darasani, alikuja kutazama. Katika somo nauliza, "Unafikiri wanakula majani gani?" Akaijibu televisheni! Halafu akaigombeza: "Ngoja basi, sijamaliza!" Tulicheka wote. Alikuwa mwanafunzi wangu.

Alipoondoka, Mama alizima televisheni. Tangu siku ya muhuri alikuwa hajaligusa jambo lile.

"Benie, kwa Secrétaire uliandika. Kwa Kisangani yote ulisema. Na miye?"

Nilipiga magoti, nikasema kwa mdomo wangu. Maneno yenyewe siyaandiki hapa, nilimpa yeye.

Nisalimie Tonton René, na umwambie Chance aache kuniita bubu. Mungu aulainishe mgongo wako na kuilinda nyumba yako.

Mimi mtoto wako, ninayekupenda sana,

Benie