Mama wa Yatima

Ijumaa, 6 Agosti 1954

Wageni wa kanisa kutoka Uingereza wamefika Same kwa treni ya Tanga. Sita. Wamekuja kuona nyumba yetu ya watoto maskini. Yetu — mabati yale yamenunuliwa kwa mchele wangu wa Kihurio, ila kwenye shukrani sikusikia jina langu. Basi.

Jioni Mwalimu Hezroni, msimamizi wa nyumba, kaja dukani kwangu. Wageni wana nafasi moja ya shule ya bweni kwa msichana yatima. Kawatajia binti yangu Eliaichi. Nikamuuliza, mimi nimekufa lini? Akasema hakudanganya: kwetu aliyefiwa na baba ni yatima, na marehemu mume wangu amelala Suji. Wao wameelewa hana baba wala mama. Sasa anaona haya kuwarudia. Ananiomba wageni wakiwapo nisiitwe Mama Eliaichi. Niwe Eliwaza, mpishi. Mtoto ashinde na wale yatima wa nyumba.

Mpishi!

Jumamosi, 7 Agosti

Nimepiga hesabu. Darasa la nne kamaliza. Wasichana wanaotaka kuendelea ni kumi na mmoja, nafasi moja. Karo ningeiweza, nafasi haiuzwi.

Nimekubali. Eliaichi kaenda kuchanja kuni, na kuni zipo tele.

Jumapili, 8 Agosti

Baada ya ibada, makande kwa wageni, pale uani kwa watoto. Bibi mmoja wa wageni, mpole, kajifunza Kiswahili melini, alimshika Eliaichi mkono, anamwita maskini wangu. Mimi nakoroga chungu. Ndipo Yudith, jirani yangu tunayepika naye, akapaza sauti toka jikoni: Mama Eliaichi we, chumvi umeificha wapi, au nawe umeshakuwa mzungu?

Simlaumu. Tangu nijifungue hana jina jingine la kuniitia.

Bibi akaniangalia, akamwangalia mtoto. Mama? Hezroni akawahi: huku kila mwanamke ni mama. Wageni wengine wakacheka. Bibi hakucheka. Akaniuliza kama anaweza kuja kwangu kesho, chai tu.

Jumatatu, 9 Agosti

Anakuja alasiri. Hezroni kapita asubuhi — nafasi bado ipo, mradi nisiharibu.

Nimefagia ua. Eliaichi kapanga vikombe, kisha kasimama mlangoni, akaniuliza: Akifika, nikuiteje?

Nimemwambia ateleke maji. Kateleka. Bado kasimama.