Kasiksi Ambayo Hamkuinywa

Butembo, Agosti 2002

Yaya Kitsa, kaka yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya huko Kasugho haijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku tunaamka. Mama anakusalimu; anakula vizuri na kugombana na kila mtu, basi ujue ni mzima. Maharage kutoka Lubero yamekuwa haba, maana wachuuzi wanaogopa barabara, na anayefika salama majirani wanamuuliza nani amempitisha. Siku hizi mtu akikusalimu unajiuliza anataka kujua nini.

Naandika kwa ajili ya ile siku kamati ya amani ilipowaita ninyi wapiganaji wa Mayi-Mayi mkae na askari wa hapa mjini. Nasikia mnasema pasta Josaphat aliwatilia sumu. Nasikia pia mmeapa kwamba akikanyaga Kasugho hatarudi. Nami najua Alhamisi anakuja kwenu kuomba mkae tena, kwa miguu, bila mlinzi. Ndiyo maana nimetanguliza barua hii kwa mkono wa Katungu. Yeye hajui kilichomo, nawe usimwambie.

Desturi yetu unaijua: mwenyeji huonja kwanza, ndipo mgeni anywe. Sisi wamama wa parokia tulitengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na kamati ikampa pasta uenyeji. Watu wenye diploma zao, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba watu wa kanisa lake hawagusi pombe! Pasta akasali vizuri, akawamiminia, kisha akasema, “Bandugu, miye hapana kunywa, lakini ninyi mukunywe tu.” Nani angekunywa? Hata mimi ningetafuta mlango. Mkasimama na bunduki, askari nao wakasimama, na kama wamama wasingeketi chini katikati yenu, leo tungekuwa tunahesabu makaburi.

Sasa sikia jambo ambalo sijamwambia hata padri. Kasiksi ile ilikuwa mikononi mwangu. Asubuhi nilitoka kuchota maji, na niliporudi nilimkuta kapiteni wa askari peke yake jikoni, karibu na bidoni, lile dumu la kasiksi. Alisema anatafuta moto wa sigara. Moto wenyewe ulikuwa umezimika tangu jana yake. Nilinyamaza, maana nikisema, mkutano unavunjika. Nisiposema, ndugu yangu anakufa. Ulipoinua kikombe ukaniangalia, nami nikatikisa kichwa. Ukakiweka chini. Ulidhani najua ubaya wa pasta, kumbe juu yake sikujua lolote. Niliyemwogopa ni kapiteni, na pasta ndiye aliyebeba lawama.

Mlipoondoka nilibaki na lile bidoni. Nikanywa kikombe, nikakaa nikingoja tumbo linikate. Halikunikata. Nikanywa cha pili. Nililewa tu, Yaya, na Mama akanitukana mpaka majirani wakasikia. Ilikuwa kasiksi safi. Kapiteni alitafuta nini jikoni, mpaka leo sijui, na bado namwangalia kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo pasta usimguse, wala vijana wako wasimguse. Amewaambia wazee wa kanisa lake kwamba safari hii ataonja yeye kwanza. Wamemjibu kwamba akionja, asipande tena mimbarini. Amesema sawa, akarudi nyumbani kutafuta viatu vya safari.

Nitakuja naye. Bidoni la kasiksi mpya nitalibeba mimi, na sitaliacha na mtu hata nikienda haja. Usifikiri nakuja kwa kuwa nimeamini. Kapiteni simwamini, kamati siiamini, vijana wako siwaamini. Na wewe, Yaya, tangu nilipoona jinsi ulivyomwelekezea pasta bunduki, nakuogopa. Nakuja hivyo hivyo.

Wasalimu wote walio pamoja nawe, hata nisiowajua. Mama anasema uvae sweta. Mungu akulinde hadi tutakapoonana.

Mdogo wako,
Kaswera