Elektroni Zilizoisha Ghafla

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila ubaridi wa chumba cha rada unanitoa kamasi.

Mkuu wa kituo amenipa vipimo vyako vya zamani nivisome upya. Kila ulipowashwa mtambo wa kuipasha joto anga ya juu, mwangwi wa rada ulipanda, nawe ukaandika kwamba elektroni zimeongezeka maradufu. Lakini mtambo ulipozimwa, mwangwi ulishuka papo hapo. Elektroni nyingi hivyo huisha taratibu, si kwa kufumba na kufumbua. Zilikwenda wapi? Nijibu kabla ya kikao cha kujadili mtambo mpya.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijambo, kinachouma ni kichwa, tangu nisome barua yako.

Nani amekutuma? Huyo mkuu wako tulikaa naye ofisi moja, na siku niliyopewa tuzo kwa vipimo hivyo hakunipa hata mkono. Leo, kati ya wachambuzi wote alio nao, aliyemwona ni wewe niliyekulea? Usinichezee akili. Hicho ni kikao cha kazi au cha kunizika?

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu.

Sijatumwa. Mtambo huchochea mawimbi huko juu, nayo hung'aa kwenye rada kuliko elektroni zenyewe. Nimepima kwa njia ya pili, hesabu nimekuambatishia: idadi ya elektroni haikubadilika. Nikinyamaza, mtambo mpya utajengwa juu ya kosa. Njoo uliseme mwenyewe. Nimekuombea uzungumze wa kwanza.

Mwanao

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, popote hasira ilipokufikisha. Kiti chako kilikaa kitupu, nikasimama mimi. Nilipomaliza, mkuu alitabasamu. "Hilo nililiona zamani," akasema. "Ningelisema mimi, mngeita wivu."

Kumbe kweli nilitumwa, bila kujua. Hata hivyo, mwangwi ule si elektroni. Nimebaki wako?

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako la mwisho ni la kijinga, silijibu.

Hesabu zako nimezichambua nikitafuta pa kukuumbua, nimepakosa. Nilihesabu mng'ao wa mawimbi nikidhani ni elektroni, na nitaliandika hilo kwa jina langu. Lakini mtu aliyeliona kosa akalifuga miaka yote, mpaka apate mtoto wa kumsemea, naye ana kesi. Muulize mbele ya watu: aliliona lini, na ni wanafunzi wangapi aliwaacha wakilinakili kosa hilo? Asikuzungushe.

Kisha njoo na jibu lake. Kitanda chako nimekitandika.

Shangazi yako