Vuli Ukutani

Jumatatu, 4 Novemba 1996
Kutoka kazini gazetini hadi mtaani Gatwekera. Chai kwa dada yangu Mwende, kama kila Jumatatu. Mumewe, Kioko, alikuwa akipiga randa. Anakata picha za kalenda kuukuu, anazitia fremu na kioo, watu wanatundika nyumbani: maziwa ya ng'ambo, milima, miti yenye majani mekundu. Kubwa kuliko zote ni yao wenyewe. Ziwa limetulia. Hakuna mtu, hakuna hata ng'ombe. Inaning'inia kwa waya juu ya kitanda.

Aliniuliza maana ya neno la Kizungu lililochapwa chini yake. Kamusi yangu inasema vuli. Alicheka. "Vuli gani hii bila tone la mvua?"

Upande wa chini picha imeachana na ukuta. Kidole kimoja kinapita.

Jumatano, 6 Novemba
Mvua tangu jana. Vidole vitatu.

Mwende anasema waya umelegea. Haujalegea. Picha imesimama wima. Ukuta wa udongo ndio unaoinamia kitandani. Nilizunguka nyuma. Mwenye ploti amemwaga mchanga wa kujengea vyumba vipya. Lundo limefika kiunoni mwa ukuta, limelowa.

Niliwaambia wahame. "Shemeji, unapima ukuta kama fundi wa majeneza," Kioko akasema. Mwende hakucheka. "Tukitoka leo, kesho msimamizi wa ploti ameshaingiza mpangaji mwingine. Turudi wapi?"

Alhamisi, 7 Novemba
Nilimpata yule msimamizi kule mtaa wa Olympic. Anasema mchanga utaondolewa mvua ikiisha. Niliandika jibu lake neno kwa neno. Halinisaidii kitu.

Ijumaa, 8 Novemba
Mvua. Kioko amepigilia misumari miwili chini ya fremu. Picha imebana ukutani. "Si unaona? Imetulia." Anajivunia.

Naogopa. Sasa hakuna cha kupima.

Jumamosi, 9 Novemba
Nilikwenda na koleo. Niling'oa misumari yote miwili, Kioko akinifokea kwamba namharibia kazi. Picha ikachomoka mbele. Nilipitisha ngumi nyuma yake. Haikugusa popote.

Mwende aliitazama ile ngumi. Kisha akatandika shuka sakafuni, akaanza kufunga nguo.

Yuko kwangu Kawangware. Kioko amebaki. Ana fremu sita za mteja, na mbao haziwezi kubebwa mvuani. "Jumatatu nawafuata. Mwambie dada yako achemshe mahindi ya muthokoi, asiyakaushe kama ya juzi."

Ningemvuta kwa nguvu. Sikumvuta.

Jumatatu, 11 Novemba
Ukuta umeanguka saa moja asubuhi. Majirani walichimba kwa masufuria na mikono. Walimtoa Kioko saa tatu na nusu. Alikuwa amekufa.

Fremu tano zilikuwa tayari, zimepangwa mlangoni, kavu. Ya sita alikuwa nayo.

Nilimwambia Mwende mimi mwenyewe. Muthokoi ulikuwa jikoni.

Mhariri alitaka mistari minane. Nilimpa minane. Jina la Kioko nililihakikisha mara mbili. Jibu la msimamizi lilikatwa.

Jumanne, 12 Novemba
Mvua. Sina la kuandika. Nilijua tangu Jumatano. Nilipima, nikaandika, nikarudi kazini.

Jumapili, 24 Novemba
Tumerudi jana kutoka Kitui, tulikomzika Kioko. Mwende atakaa hapa.

Jirani mmoja wa Gatwekera ameleta lile ziwa. Kioo kimevunjika, kona moja ina tope, majani bado mekundu. Mwende amelitundika mwenyewe kwa waya uleule. Nilitaka kumkataza. Ukuta wangu ni wa mawe. Hilo nalo halimtoshi.

Mvua haijakatika. Asubuhi hii, kabla ya kunisalimia, alisimama mbele ya picha akajaribu kupitisha kidole chini ya fremu.

Hakikupita. Akamimina chai.